Maktaba na Kompyuta za Chuo: Somo kwa Wanaoanza

 

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo jumuiya yetu huwapokea wageni. Tunawaonesha msikiti ulipo, mahali pa kutawadhia, mama anayepika chakula cha halali kwa bei ya mwanafunzi, na hosteli za Ombaci ambazo mwenye nyumba hafungi maji. Hayo ni mema. Lakini kwa miaka mitatu niliyokaa hapa nimeona kuna sehemu mbili ambazo tunazionesha kwa kidole tu tukipita: "Lile jengo ni maktaba, kule ni chumba cha kompyuta." Kisha msafara unaendelea. Mhariri ameniomba niandike somo juu ya sehemu hizo mbili, nami nimekubali kwa sababu nimewaona ndugu wakiteseka kwa jambo ambalo lingemalizika kwa nusu saa ya maelezo.

Msomaji wangu ni yule aliyefika juzi. Huenda umetoka Koboko au Yumbe, huenda umevuka mpaka kutoka Ariwara, au umekulia katika kambi ya Bidi Bidi, au umepanda basi kutoka Mombasa na kushuka Arua ukiwa huna unayemjua. Arua yetu, ambayo ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ina chuo kikuu cha umma, Muni, kilichoanzishwa mwaka 2013, na pia kampasi ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda (IUIU), ambacho makao yake makuu yako Mbale tangu 1988. Nitakayoyasema yatakufaa popote ulipo kati ya hapo, hata ukiwa chuo kingine kabisa. Kanuni ndogo ndogo, kama idadi ya vitabu unavyoruhusiwa kuazima na siku ngapi, hutofautiana. Hizo zisome kwenye ubao wa kaunta ya maktaba yenu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba umeshalipa. Chukua karatasi yako ya ada uisome mstari kwa mstari. Katika vyuo vingi utakuta mstari wa maktaba na mstari wa kompyuta. Pesa hizo mzazi alizitoa pamoja na ada, pengine aliuza mbuzi ili zitimie. Halafu mtoto wake anaamka kila asubuhi anakwenda mjini kulipia kafe ya mtandao kwa saa, au anamaliza vocha kwa kupakua kitu ambacho chuo kimeshakinunua. Na data yetu hapa Uganda si rahisi. Kuanzia Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, na mahali pake ikaja ya asilimia 12 juu ya bei ya data yenyewe. Kwa hiyo kila bando unalonunua lina fungu la kodi ndani yake. Fanya hesabu yako mwenyewe kwa muhula mmoja uone.

Akaunti yako kabla ya kitabu

Wengi hudhani kazi ya kwanza ni kwenda maktaba kuchukua kadi. Kadi haina shida; unakwenda na kitambulisho cha mwanafunzi au namba ya usajili, unapigwa picha ikibidi, unaondoka. Kazi ya kwanza iliyo nzito ni akaunti: jina la mtumiaji na nenosiri unavyopewa na chuo, ambavyo ndivyo vitakavyofungua barua pepe, matokeo, usajili wa masomo na mara nyingi mtandao wa waifai.

Nitawasimulia yaliyompata kijana mmoja kutoka upande wa Koboko, ambaye jina lake nalihifadhi. Alipomaliza sekondari hakuwa na barua pepe. Alikwenda kwenye kafe moja, na kijana wa kafe, kwa wema tu, akamfungulia akaunti. Akaandika nenosiri analolijua yeye, na pale panapotakiwa namba ya simu ya kurejeshea akaunti akaweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Ndugu yetu akaondoka na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Barua pepe ile ndiyo aliyoijaza kwenye fomu ya ufadhili. Alipofika mwaka wa pili simu yake iliharibika, akanunua nyingine, akaambiwa aandike nenosiri upya. Hakulikumbuka. Akaomba kulibadilisha, na tarakimu za uthibitisho zikatumwa kwenye simu ya mtu ambaye alishahamia Juba na kubadilisha laini. Wakati huo huo wafadhili walikuwa wamemwandikia wakitaka nakala moja iliyopungua, tena wakampa tarehe ya mwisho. Barua ilikaa mle ndani bila msomaji. Muhula ule alikaa nyumbani akichunga duka la mjomba wake.

Hakuna aliyemwibia. Kilichokosekana ni dakika kumi za kumwelekeza. Basi wewe fanya hivi: wiki hii, kabla ya kosiweki ya kwanza, nenda ofisi ya kompyuta ya chuo ukiwa na kitambulisho, upewe akaunti yako rasmi. Nenosiri la kwanza wanalokupa huwa jepesi, aghalabu limetengenezwa kutokana na namba yako ya usajili, na namba ya usajili inajulikana na darasa zima. Libadilishe siku hiyo hiyo, ukiwa pale pale, na uhakikishe namba ya simu iliyowekwa ni laini iliyosajiliwa kwa jina lako, si ya kaka wala ya rafiki. Nenosiri refu la maneno manne yasiyohusiana, unayoyajua wewe kwa Kilugbara, Kikakwa au Kinubi, ni gumu kwa mwizi na rahisi kwako. Na ukitumia kompyuta ya chumba cha pamoja, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kufunga dirisha si kutoka. Nimewahi kukaa kwenye kiti nikakuta barua za dada mmoja ziko wazi mbele yangu, na matokeo yake, na mazungumzo yake na familia. Niliitoa akaunti yake nikaendelea na yangu, lakini ni watu wangapi hukaa kwenye kiti kile kwa siku?

Mtandao wa waifai nao uliza jina lake. Vyuo vingi vya Uganda vimeunganishwa na RENU, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanzishwa mwaka 2006, na kupitia huo unaweza kupata eduroam. Ubora wa eduroam ni kwamba jina na nenosiri la chuo chako vinakubalika katika chuo kingine kilichojiunga. Ukienda Makerere kwa mashindano ya mijadala, au Nairobi kwa kongamano, simu inaingia yenyewe bila kumwomba mtu. Unapoijaza mara ya kwanza, jina la mtumiaji huandikwa kamili, pamoja na anwani ya chuo baada ya alama ya @. Wengi huandika jina tupu, linakataa, wanasema mtandao mbovu.

Namba iliyo mgongoni mwa kitabu

Sasa tuingie maktaba. Ukiwa na begi utaambiwa uliache mlangoni. Toa pesa, simu na laptopu kwanza. Ndani utakuta rafu, na kila kitabu kina kibandiko chenye tarakimu. Mwanafunzi mgeni huzunguka rafu kama mtu anayetafuta kiatu chake nje ya msikiti siku ya Idi. Hakuna haja. Tarakimu zile ni anwani.

Mfumo utakaoukuta mara nyingi ni wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa mafungu kumi kuanzia 000 hadi 900. Programu za kompyuta ziko 005, uchumi 330, sheria 340, Kiarabu 492.7, Kiswahili 496.392, tiba 610, historia ya Uganda 967.61. Fungu la 200 ni la dini, na hapo Mwislamu hushangaa. Kuanzia 220 mpaka karibu na 290 ni Biblia na Ukristo: kitabu, itikadi, ibada, madhehebu. Dini nyingine zote za dunia zimebanwa katika 290. Uislamu umepewa 297 peke yake, na hata humo ndani wamewekwa Wababi na Wabahai. Kwa hiyo tarakimu za vitabu vyetu huwa ndefu, kwa kuwa mambo mengi yamejazwa katika chumba kimoja: Qur'ani na elimu zake ziko 297.122, hadithi 297.124, sira ya Mtume (s.a.w.) 297.63. Hakuna haja ya kukasirika na mkutubi. Aliyeupanga mfumo alipanga vitabu alivyokuwa navyo katika maktaba ya chuo cha Marekani. Sisi tujue tu kuutumia, na tujue pia kwamba si kila kitabu kinachotuhusu kiko 297. Kitabu cha fikihi kinaweza kuwa 297, lakini cha sheria ya Kiislamu mahakamani kikawekwa 340.59 kwa wanasheria, na cha benki za Kiislamu kikawa 332 pamoja na benki nyingine. Ndugu anayesoma rafu moja tu na kusema "maktaba hii haina kitu" amekagua chumba kimoja cha nyumba. Katika maktaba zinazofuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani utaona herufi badala ya tarakimu: Uislamu ni BP, na sheria ya Kiislamu ni KBP.

Na kupanga vitabu si jambo la kigeni kwetu. Ibn al-Nadim, mtoto wa muuza vitabu wa Baghdad, aliandika Fihrist yake mwaka 377 Hijria, yaani takriban 987 Miladia, akaorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua katika makala kumi: za dini, lugha, historia, mashairi, falsafa, tiba na nyinginezo. Vingi kati ya vitabu hivyo vimepotea, na leo tunajua kwamba viliwahi kuwapo kwa sababu tu jina lake limo katika orodha ile. Ukifungua katalogi ya maktaba kwenye kompyuta unafanya kazi ya jamii hiyo hiyo.

Katalogi itafute kwa mwandishi, kwa jina la kitabu au kwa mada. Iangalie kwanza, kisha andika namba yote kwenye karatasi, pamoja na herufi tatu za mwisho, kwa sababu hizo ndizo zinazotenganisha vitabu kumi vyenye tarakimu moja. Ukifika rafuni usichukue kimoja na kuondoka. Tazama jirani zake wa kulia na kushoto; Dewey huwaweka ndugu pamoja, na mara nyingi nimepata kitabu bora zaidi ya kile nilichokifuata.

Kitabu kikiwa kimeazimwa, usikate tamaa. Uliza kama kuna nakala katika vitabu vya akiba, vile visivyotoka nje, vinavyosomwa pale pale kwa saa chache. Hapo ndipo wahadhiri huweka vile ambavyo darasa zima linavihitaji. Na hapa nina neno chungu kidogo. Katika maktaba moja nilikuta kitabu cha akiba ambacho sura yake ya nne imekatwa kwa wembe, safi kabisa, kurasa zote. Sura ya nne ndiyo iliyokuwa kwenye kosiweki. Aliyeikata alikuwa na duka la kopi mlangoni; kurasa zile asingezilipia pesa ya kumshinda. Darasa la watu wengi likakosa, na madarasa yatakayokuja yatakosa pia, maana kitabu chenyewe hakichapishwi tena. Hiyo ni amana iliyovunjwa, na haki ya wale waliokosa iko shingoni mwa mtu ambaye pengine alipata alama nzuri.

Mlinzi wa geti asiyekujua

Sehemu hii ndiyo inayowatatiza wengi, na sijasikia ikielezwa katika siku za ukaribisho, kwa hiyo nitakaa nayo.

Maktaba ya chuo si rafu tu. Chuo kinaweza kuwa na haki ya kusoma maelfu ya majarida na vitabu vya mtandaoni. Vyuo vya Uganda vina muungano wa maktaba zao, CUUL, unaoshirikiana kupata huduma hizo. Kuna Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji, ambao sehemu yake ya kwanza, Hinari ya mambo ya afya, ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002. Taasisi za nchi kama yetu huingia bila malipo. Kuna JSTOR, ambayo kwa vyuo vya Afrika imefungua milango kwa masharti mepesi. Muulize mkutubi wenu kipi kati ya hivyo kimewashwa kwenu.

Je, tovuti ya majarida inajuaje kuwa wewe ni mwanafunzi wa chuo fulani? Njia ya kawaida ni anwani ya mtandao. Kila mtandao wa chuo una tarakimu zake zinazoonekana duniani, na mchapishaji amepewa orodha ya tarakimu hizo. Ni kama mlinzi wa geti asiyekujua kwa sura, anayetazama namba ya gari tu. Ukija na gari la chuo, geti linafunguka. Ukija na boda, unaulizwa pesa: dola 30 au 40 kwa makala moja.

Sasa tazama kinachotokea. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, siku za uchaguzi. Vijana wengi tukazoea VPN, na VPN hiyo inabaki imewashwa kwenye simu usiku na mchana. Kazi ya VPN ni kubadilisha namba ya gari. Upo ndani ya maktaba ya chuo, Arua, umekaa kwenye waifai ya chuo, lakini mchapishaji anaona mtu aliyeko Uholanzi au Singapore. Geti linafungwa, unaandikiwa ulipe, nawe unatoka ukisema chuo hakina majarida. Nimewaona watu wa mwaka wa mwisho wakiamini hivyo. Kwa hiyo ukiwa chuoni na unataka makala, zima VPN kwanza, ufungue ukurasa upya. Mara nyingi tatizo linaishia hapo.

Ukiwa nje ya chuo, tuseme uko chumbani Ombaci kwa bando lako au umekwenda nyumbani Yumbe likizo, gari la chuo huna. Hapo kuna njia mbili. Chuo kinaweza kuwa na proksi, yaani ukurasa unaokuomba jina na nenosiri la chuo kisha unakupitisha kama uliyeko ndani; kiungo chake kiko kwenye tovuti ya maktaba. Au mkutubi hukupa nenosiri la pamoja la taasisi, kama ilivyo kwa Research4Life. Nenosiri hilo usilibandike kwenye kundi la WhatsApp. Najua tunapenda kusaidiana, na anayeomba ni ndugu, lakini ndugu naye ana rafiki chuo kingine, na makubaliano yanasema ni la taasisi hiyo pekee. Likivuja, mchapishaji hulifunga kwa wote. Vivyo hivyo usiweke programu ya kupakua jarida zima kwa mpigo usiku ili upate akiba. Mitambo yao hugundua, na adhabu haimwangukii mtu mmoja. Huzimwa anwani ya chuo chote, hata ya yule dada wa uuguzi anayewasilisha kazi yake kesho asubuhi.

Kwa vitu vilivyo wazi kwa kila mtu huhitaji geti lolote. AJOL, yenye makao Afrika Kusini, inabeba zaidi ya majarida 500 ya Kiafrika, na mengi husomwa bure. Makerere nao wameweka tasnifu za wanafunzi wao mtandaoni katika hazina inayoitwa Mak IR. Mwanafunzi wa Arua aliyepewa kazi juu ya maji, mihogo au elimu ya wasichana West Nile, aanzie hapo, kwa sababu huenda mtu alishafanya utafiti katika tarafa yake mwenyewe.

Maneno ya kutafutia

Kutafuta ni ujuzi, na kompyuta haikisii nia yako. Chukua mfano wa mtu anayetaka kuandika juu ya Wanubi wa Arua, watu waliochangia kuingia kwa Uislamu sehemu hizi. Akiandika "Nubi" atapata kidogo. Wengine waliandika "Nubian", wengine, hasa Waingereza wa zamani, waliwaita "askari wa Sudan", na habari zao zimo pia chini ya jina la Emin Pasha. Ukiyakosa majina hayo unakosa nusu ya maandishi. Ni vivyo hivyo kwa majina ya Kiarabu: Ghazali huandikwa kwa z moja au mbili, pamoja na "al" au bila, Qur'ani wazungu wa zamani waliandika kwa K. Andika orodha ya namna zote kwenye daftari kabla ya kugusa kibodi. Kisha weka alama za nukuu kwenye maneno yanayokwenda pamoja, ili "West Nile" isikuletee homa ya West Nile. (Itakuletea. Virusi hivyo viligunduliwa hapa hapa kwetu mwaka 1937 vikapewa jina la mkoa, na makala za madaktari juu yake ni nyingi kuliko zote zilizoandikwa juu ya watu wa mkoa huu. Ongeza neno historia, au Arua, ndipo utapumua.)

Kwa mada za hapa, vipo vitabu ambavyo kila mwanafunzi wa Arua angepaswa kuvishika mkononi angalau mara moja: kitabu cha John Middleton juu ya dini ya Walugbara, cha mwaka 1960, na cha Mark Leopold juu ya West Nile, cha 2005. Jarida la Uganda Journal, lililoanza 1934, lina makala za zamani ambazo hazipo popote pengine. Soma kwa jicho la kukagua. Waandishi wa zama za ukoloni waliona walichotaka kuona.

Isnadi ya kosiweki

Sisi ni umma uliojifunza kuuliza: nani kakwambia? Mwanahadithi hakukubali maneno mpaka ajue mnyororo wa waliyoyapokea. Ajabu ni kwamba mwanafunzi yule yule anayedai isnadi darasa la msikitini, kwenye kosiweki ananakili ukurasa mzima bila kumtaja mwenyewe. Kutaja chanzo ndiyo isnadi ya chuo. Andika mwandishi, mwaka, jina la kitabu na ukurasa wakati huo huo unaposoma, kwa kuwa usiku wa kuwasilisha hutakikumbuka, na maktaba itakuwa imefungwa.

Wanaosoma masomo ya Kiislamu wana mtego wa ziada. Maktaba al-Shamila ni neema. Maelfu ya vitabu vya Kiarabu kwenye laptopu moja, bila mtandao. Lakini si kila kitabu humo kurasa zake zinalingana na chapa iliyoko rafuni. Soma maelezo ya mwanzo ya kitabu, yanaeleza kama kurasa ni za chapa fulani au la, na utaje chapa hiyo. Hadithi nazo zina namba zaidi ya moja. Sahihi Muslim kwa hesabu ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi haina namba sawa na ile ya baadhi ya tafsiri za Kiingereza, na mhadhiri akienda kwenye namba yako akakuta hadithi nyingine, atafikiri umebuni. Taja na jina la kitabu cha ndani na mlango, kisha hapatakuwa na ugomvi.

Halafu kuna hizi programu za akili bandia. Sizikatazi, zinaeleza vizuri jambo usilolielewa, na zinasahihisha Kiingereza. Lakini ukiziomba marejeo zinaweza kukupa kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, chenye mwandishi, mwaka na mji wa uchapishaji, vyote vimepangwa kwa adabu. Na zinaweza kukupa maneno ya kubuni zikayanasibisha kwa Mtume (s.a.w.), zikataja Bukhari, zikaweka na namba. Mzaha huo haumo katika alama za kosiweki peke yake. Dawa ni nyepesi: kila rejeo lililotoka huko, litafute kwenye katalogi au kwenye kitabu chenyewe. Usipoliona kwa macho yako, usiliandike.

Umeme, flashi, na saa za kufunga

Ya mwisho ni ya Arua hasa. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Tulitegemea WENRECO na, tangu 2012, bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5, kwa mkoa mzima. Waliotutangulia waliandika tasnifu kwa saa za jenereta. Siku hizi ni nafuu, lakini umeme bado hukatika bila hodi, na kompyuta ya mezani haina betri. Bonyeza kuhifadhi kila unapomaliza aya. Kazi iwe mahali pawili: kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako ya chuo kwa kujitumia mwenyewe. Flashi ya maduka ya kopi hubeba virusi kama mbwa abebavyo viroboto. Ukirudi nayo, ikague kabla ya kuifungua. Faili zikigeuka kuwa njia za mkato usizibonyeze, ipeleke ofisi ya kompyuta.

Chumba cha kompyuta hujaa jioni na wiki mbili kabla ya mitihani. Asubuhi baada ya Alfajiri, kabla ya mihadhara, viti viko wazi na mtandao una kasi. Madada wanaokaa Ombaci wameanzisha utaratibu mzuri wa kuondoka maktaba kwa pamoja kabla ya Magharibi na kugawana nauli ya barabara ya Koboko. Anayetaka kujiunga nao amwone amira wa jumuiya baada ya darsa ya Jumatano.

Vitabu ulivyoazima virudishe kabla ya kwenda likizo, hata kama tarehe haijafika, na usimpe mtu akurudishie. Kaunta ikikipokea kitabu, subiri uone jina lako linafutwa kwenye kompyuta, au uombe karatasi yenye muhuri. Karatasi hizo ziweke kwenye bahasha moja na risiti zako za ada. Baada ya miaka mitatu au minne, siku ya kuomba cheti, utapita ofisi baada ya ofisi ukitafuta saini, na maktaba ni mojawapo. Kitabu kisichoonekana kurudi hulipiwa kwa bei ya kukinunua upya, pamoja na faini ya siku zote hizo.

Wabillahi tawfiq.